Robine Iko

Ngoie mwanangu, mama yangu,

Umeenda kuaga wenzako wa kwaya, na baba yako amekaa uani anafunga sanduku lako la bati kwa kamba ambayo nimemwambia mara tatu kwamba haihitajiki. Nyumba imenyamaza. Nimechukua kaye yako ya zamani ya chuo, ile yenye kurasa ulizoacha bila kuandika, nikakaa mezani. Ni saa tisa ya mchana. Nataka nimalize kabla hujarudi, maana nikikuona usoni nitaanza tena habari ya chandarua.

Juu ya chandarua sitaandika. Wala juu ya dawa za malaria, wala barabara ya Kilwa yetu ya ziwani unakokwenda kazi, wala viatu vya mvua. Wiki nzima nimekujaza masikio kwa hayo, mpaka jana ukaniambia, "Mama, nimesikia, acha sasa." Nimeacha. Lakini kuna jambo moja nimekuwa nikilizunguka siku zote hizi, na kelele zangu za chandarua zilikuwa za kulifunika.

Utaona ninaandika Kiswahili cha masista walionisomesha, si kile chetu cha nyumbani. Nivumilie. Hili nikilisema kwa lugha ya nyumbani nitalia kabla ya kulimaliza.

Ni juu ya ile diplome.

Unaijua kuliko mimi. Tangu una miaka kumi ilikuwa ukutani saloni, kule kwa zamani na humu pia, juu ya kabati ya vyombo, na mhuri wake mwekundu, na maneno yanayosema kwamba komine yetu ya mjini imekuwa ya kwanza kwa kuhudumia watu katika komine zote zilizolinganishwa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina langu, mkusanya habari. Hakuna mgeni aliyeingia humu bila wewe kumwonyesha. Na mwezi uliopita, walipokuuliza kwenye ile kazi mpya kwa nini unataka kuzunguka na tableti ukipima jinsi komine za mjini na sheferi za machifu vijijini zinavyohudumia watu, uliwajibu, "Mama yangu ndiye alifanya komine yetu ikawa ya kwanza." Ulirudi ukanihadithia huku unacheka. Nikaenda jikoni. Ulifikiri ninalia kwa furaha. Nilikuwa naogopa, Ngoie. Niliona kwamba mtoto wangu amechagua njia ya maisha yake kwa sababu ya karatasi ambayo mimi najua ilivyopatikana.

Kwa hiyo nitakuambia ilivyopatikana. Ukishajua, utanihesabu unavyotaka.

Jina la komine ile sitaliandika hapa. Unalijua, tuliishi pale kabla ya kuja kujenga huku Ruashi, na watu wanaofanya kazi pale leo si wale wa wakati ule. Nilikuwa katika biro ya takwimu. Kusema kweli biro ilikuwa meza moja, kabati isiyofungika na mimi. Waliniweka pale kwa sababu ya mwandiko wangu. Masista walinipiga vidole mpaka herufi zangu zikasimama sawasawa, na mkubwa wangu alipenda sana kuonyesha wageni fishi zangu, zile karatasi za kujaza hesabu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama yaliyoandikwa ndani yake yalikuwa sawasawa pia.

Mwaka mmoja kabla ya diplome kulikuwa na kulinganishwa kwa kwanza. Tulikuwa karibu na mkia. Orodha ilibandikwa mlangoni mahali ambapo komine zote zilikutana, na mwenzangu mmoja wa komine jirani, mwanamke wa kazi ileile kama yangu, akanipita na fanta mkononi akasema, "Mama, banwe mungali mu mukia tu?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, maana ungefanya nini. Lakini lile neno nililala nalo, nikaamka nalo, nikapika nalo. Nakuambia hili mapema ili usije ukasoma mbele na kufikiri kwamba ni mkubwa aliyenilazimisha. Mkubwa alisema neno moja tu. Mimi ndiye niliyetaka.

Mwaka uliofuata fishi zikaja tena. Zilikuwa kwa Kifaransa. Swali la maji liliuliza, katika kila kartier, kila mtaa, robine, yale mabomba ya maji ya watu wote, ni ngapi zinazofanya kazi. Mimi ndiye niliyekuwa nitembee kartier kwa kartier na kuuliza kwa Kiswahili. Mkubwa akanishika bega mlangoni akasema, "Uliza vizuri, mama. Usitafutie komine matatizo." Ni hilo tu. Nilimwelewa mara moja, kama mtu anavyoelewa akiambiwa aongeze maji kwenye mchuzi kwa sababu wageni ni wengi.

Sasa sikiliza, maana kosa langu lote liko katika neno moja dogo. Kwetu iko ni neno linalofanya kazi nyingi. Mtu iko, chumvi iko, Mungu iko. Kitu kikisimama tu pale kimekauka, iko. Kikifanya kazi vizuri, iko vilevile. Nilikuwa na maneno mengine mdomoni. Ningeweza kuuliza, robine inatosha maji, inayatoa? Maji ilitoka lini? Nilipanda mpaka kwa Mama Aimée, kule juu, mahali robine ya kartier nzima ilisimama karibu na mlango wake, na mbuzi wake alikuwa amefungwa pale kwenye robine. Kamba ilikuwa imeshatia alama kwenye chuma. Mbuzi hafungwi kwenye robine inayotoa maji, hata mtoto anajua.

Mama Aimée alifurahi kuniona. Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, kile chake cha bati la buluu, akanipa kwa mikono miwili kama inavyopaswa kumpa mgeni. Nikanywa nusu. Yalikuwa na ladha ya udongo. Kikombe mkono wa kushoto, biki mkono wa kuume, nikauliza:

"Mama Aimée, robine iko?"

Akaiangalia robine. Akamwangalia mbuzi. Akaniangalia na mimi.

"Iko, mama. Si unaiona."

Nikaandika moja. Nilikuwa nimeshika maji yake mkononi, Ngoie, na sikumuuliza ameyatoa wapi. Nilijua ameyatoa wapi. Ni kule chini kwenye kijito kinachopita nyuma ya taka, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi na bidoni kichwani.

Nilifanya hivyo kartier zote. Robine iko? Iko. Hakuna aliyenidanganya hata mmoja, na mimi pia, ukinipeleka mbele ya hakimu, sikuandika uongo. Nilikusanya ukweli mwingi mdogo mdogo, na nilipoujumlisha ukawa uongo mkubwa wenye mwandiko mzuri.

Tukawa wa kwanza.

Karamu unaikumbuka wewe mwenyewe, ulikula brosheti za nyama mpaka ukatapika. Nilishonewa nguo ya kitenge. Yule mwenzangu wa fanta alinipa mkono bila kucheka, na nitakuambia kweli, raha niliyoipata siku ile sikuipata hata siku ya ndoa. Baba yako aliipiga misumari diplome mwenyewe, akarudi nyuma kuitazama, akasema, "Kweli nilioa." Mtu huyu hasemi maneno matamu mara mbili kwa mwaka, unamjua.

Nilichokuwa sijafikiri ni hiki. Kulinganisha kule hakukuwa mashindano ya mpira. Waliokuwa wa mwisho ndio waliopelekewa visima vya pampu, maana fishi zao zilionyesha hawana maji. Sisi wa kwanza tulipelekewa wageni. Ndiyo, wageni. Komine ya mwisho kwenye orodha ilitumwa kwetu ije ijifunze jinsi tunavyotunza robine zetu.

Walikuja watu wanne. Mkubwa aliwapa hotuba na soda, kisha akanikabidhi, nikawatembeza. Nilichagua njia yenye robine mbili zilizokuwa zikitoa kweli. Lakini kati yao kulikuwa na mzee mmoja, mwandishi wa fishi kama mimi, mtu mpole mwenye koti lililopauka. Tulipokuwa tunarudi aliona robine nyingine pembeni ya njia, akaiendea, akaifungua. Ikakohoa kidogo, ikatoa kutu, ikanyamaza. Akaifunga taratibu kama vile ni mali ya mtu. Wenzake walikuwa wametangulia. Akaniambia:

"Mama, sisi kwetu tuliandika maji haiko. Bantu batuchekelea sana."

Akaendelea, na mpaka leo nasikia sauti yake, haikuwa na hasira:

"Mvua haiyafika. Siku zingali. Unaweza andika ingine fishi, batakutumia pampu sawa vile batatutumia sisi."

Nilimwambia nitaona. Niliporudi biro nilitoa fishi tupu nikaiweka mezani. Ilikaa pale siku mbili. Siku ya tatu mkubwa aliifunika kwa magazeti, na mimi sikuifunua.

Mvua zikaja. Unajua kilichokuja na mvua mwaka ule.

Unamkumbuka Aimée, binti wa Mama Aimée. Mlikuwa mnaruka kamba pamoja mkihesabu kwa Kifaransa cha kubahatisha, na yeye ndiye aliyekufundisha kusuka. Kolera ilimchukua kwa siku moja na nusu. Niliitwa kwenye kilio kama wanawake wote, na maji ya kumwosha mtoto hayakuwapo, kwa hiyo tukateremka kijitoni, mimi na wanawake wengine watano, tukapanda na bidoni vichwani. Tulipita karibu na robine. Mbuzi alikuwa ameondolewa kwa heshima ya msiba.

Siwezi kusema fishi yangu ndiyo iliyomwua. Labda pampu ingechelewa. Labda angekunywa mahali pengine. Nimejiambia hayo miaka kumi na minne, na ningekuwa nayaamini nisingekuwa naandika barua hii.

Wiki ile ulikunywa maji kwa jirani, nikakupiga. Nilikupiga vibaya, kwa mwiko, na ulikuwa hujui umekosa nini. Ulilala bila kula. Niliwahi kukuomba msamaha kwa mambo mengi, lakini kwa hilo bado. Nakuomba leo. Mtu niliyetaka kumpiga siku ile alikuwa mimi, na wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu imekuwa ndefu, imenifikisha mpaka hapa mezani.

Sasa usije ukasoma haya ukafikiri nakuambia uache kazi. Ningekuwa mpumbavu. Bila kipimo, anayepata maji ni mwenye kelele nyingi ao mwenye shemeji mjini. Yule mzee wa koti alipata pampu kwa sababu alikubali kuchekwa, na kwa sababu mahali fulani palikuwa na mtu wa kusoma fishi yake na kuiamini. Kazi yako ni nzuri. Ni mimi niliyeiharibu ilipopita mikononi mwangu.

Lakini nataka ujue nani atakuwa amekaa mbele yako kule unakokwenda. Wewe unafikiri utakutana na wezi, na utakutana nao, hao hawasumbui, wanajulikana kwa jasho. Zaidi utakutana na mwanamke mwenye mwandiko mzuri. Atakupa kiti. Fishi zake zitakuwa safi, bila kufutwafutwa. Mwaka uliopita alichekwa mbele za watu, na hataki kuchekwa tena. Huyo usimkaripie na usimwamini. Mwambie muende wote mkatembee, na mkifika njia panda, wewe ndiye uchague upande.

Na ukifika kwa mtu, usimuulize ile robine. Omba maji ya kunywa. Hakuna nyumba katika nchi hii itakayokunyima, hata ile isiyo na chumvi. Wakishakupa, shika kikombe, shukuru, na uwaulize yametoka wapi. Watakuambia mambo yote, njia, foleni, nani aliteleza, mtoto gani haendi shule siku za maji. Hapo ndipo uandike. Tableti yako inataka ndiyo ao hapana, ulinionyesha. Sawa, ipe. Lakini kikombe kwanza.

Nimekuambia nilikuwa nalizunguka jambo hili. Alhamisi nililikata. Nilikuambia nakwenda sokoni, nikaenda kule kwetu kwa zamani, kwa Mama Aimée. Ndiyo, bado tunamwita hivyo. Yuko palepale, nywele zimekuwa nyeupe, na sasa kuna pampu, ililetwa miaka mingi baadaye. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua majani ya sombe. Alinipa maji kwa mikono miwili, kikombe kingine, kile cha buluu kimeshakufa. Sikunywa. Nikamweleza yote, ile fishi, yule mzee, yale magazeti juu ya meza, nikamwomba anisamehe.

Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akaujaza mkono majani mengine.

"Siku ile miye niliona mbuzi," akasema. "Na weye uliona mbuzi."

"Ndiyo, mama."

"Uliniuliza robine. Ungeniuliza maji, ningekuambia."

Ni hayo tu. Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kumwomba mara ya pili. Baadaye alinisogezea kikapu, tukachambua sombe pamoja mpaka ikaisha. Nilipoinuka kwenda alinionyesha kikombe kwa kidevu, maji yalikuwa bado yamo. Nikayanywa yote nikiwa nimesimama.

Leo asubuhi, ulipokuwa misani, nilimwambia baba yako ateremshe diplome. Yeye anajua yote, nilimwambia usiku wa Alhamisi, na sasa anafunga tu kamba. Ameiteremsha, misumari ameiacha. Ulipita saloni mara mbili mchana huu ukiwa na haraka zako na hukuona. Ukirudi utaona pale ukutani mahali peupe pa mraba. Ningependa kukuambia kwamba nimepata amani. Bado. Naona haya, na nakupenda, na nimeogopa zaidi leo kuliko siku ile ya yule mzee, kwa sababu yule sikumzaa.

Barua hii naiweka juu ya mto wako. Gari la Kilwa linapita kukuchukua alfajiri, na nakujua, utaisoma yote kabla ya kulala. Usije chumbani kwetu. Usiniite. Sitaki tuanze kulia na kubembelezana halafu jambo liishie hapo, kama ilivyo desturi ya nyumba hii.

Fanya hivi tu. Kesho, sanduku likishapandishwa, nitakuwa nimesimama jikoni. Kama umeona kwamba huwezi kuwa na mama wa namna hii kwa sasa, niage kama watu wote wanavyoagana, nenda, na Mungu akulinde barabarani, sitakuuliza kitu. Na kama umeona kwamba unaweza, niombe maji ya kunywa.

Nitakupa kwa mikono miwili. Nawe, mama yangu, kabla ya kunywa, uniulize nimeyatoa wapi.

Mimi niliyekuzaa,
mama yako.